Wimbo Aliompa Orpah

Tangu apasuliwe koo, sauti ya mwimbaji yule wa R&B imebaki mnong'ono, lakini nyimbo bado anatunga. Kila asubuhi huketi barazani kwake Sironga akigonga mdundo gotini, midomo ikicheza kimyakimya. Jana, katika studio mjini Kisii, alimpa mwanafunzi wake Orpah wimbo wa kuagana aliokuwa amejitungia mwenyewe kabla ya kuugua. Orpah akauimba mbiombio.

"Polepole, mwanangu," akamnong'oneza. "Huyo unayemuaga bado yuko mlangoni."

Orpah akaanza upya, na sasa kila neno likatoka na uchungu wake. Wivu ulimchoma mwalimu. Akafumba macho, mkono kooni, akaimba naye bila sauti hadi mwisho.

"Turudie, mama?" fundi wa mitambo akauliza.

"Hapana," akasema. "Huo sasa ni wake."