Mashine ya Kusaga

"Kusaga ni kusaga, mama watoto," Mzee Cheche alikuwa akijitetea, kaitanulia mashine yake mikono kama kuku mwenye vifaranga. "Nilikwambia nanunua mashine ya kusaga. Sasa uongo wangu uko wapi?"

Mkewe akamwonyesha uongo ulipo: uko barazani, umejaa kwenye ndoo. Maana yeye aliposikia kusaga alisikia unga, na nani asingesikia unga? Akatangaza bombani, akatangaza saluni, kwamba mashine inakuja kwake na siku ya kwanza watu watasagiwa bure. Sasa wanawake wameketi na nafaka zao. Mbele kabisa yuko wifi yake, dada wa Mzee mwenyewe, ambaye miguu humuuma siku zote isipokuwa siku ya vitu vya bure.

Na ndani mna mashine ya kusaga chuma.

Mzee alijua alichofanya. Mkewe alikuwa na ugomvi wa miaka na makelele ya grinda ya fundi mageti wa jirani. Angetamka neno "grinda" angelala nje. Basi akaificha ndani ya neno kusaga, na neno likamgeuka.

Alikuwa amestaafu posta. Alivyopiga mihuri huko, alipiga mpaka usingizini, mkewe akawa anaamka na tarehe kwenye paji la uso. Lakini kabla ya posta alikuwa mfua visu, ndipo alipopata jina la Cheche. Kisu chake kimoja kilimkata jogoo kivuli, jogoo wa watu akatembea bila kivuli mpaka Jumatatu. Anayebisha akamuulize jogoo.

Alipostaafu mikono ikaanza kumwasha. Dukani alizunguka mashine kama mtu anayechumbia. Grinda ya mkono akaikataa, inarukaruka kama mbuzi wa kamba fupi. Ya jiwe la duara akaikataa pia: jiwe lina hasira, linachemsha chuma, na chuma kikishageuka bluu makali yamekufa. Moyo ukatua kwenye ile ya mkanda wa msasa, unaolamba chuma polepole kama ng'ombe anavyolamba ndama.

Na sasa mkewe ameshapiga simu dukani. Wanaleta mashine ya unga, wanaondoka na hii. Gari liko njiani. Mzee alijiona kama mtu anayeng'olewa jino lisilouma.

"Basi nipe kisu chako cha jikoni," akasema. "Nikinoe kimoja tu, tuagane nayo vizuri."

Kisu chenyewe hakikuwa kikikata, kilikuwa kikibembeleza. Nyanya zilikuwa zikikicheka. Mkewe akakileta, akajiziba masikio tayari kwa makelele. Mashine ikanguruma kwa adabu tu, mke akatoa kidole kimoja sikioni, halafu cha pili. Mzee akapitisha kisu kwenye mkanda, akakitia ndani ya kopo la maji, akakirudisha.

"Mbona kila saa unakikogesha?"

"Kikipata homa, makali yanakufa."

Alipokabidhiwa, mama watoto akakielekeza kwenye kitunguu. Kitunguu kikafunguka chenyewe kabla hakijaguswa, machozi yakafika yakakuta kazi imekwisha. Akakigeuza kisu huku na huku, akatafuta kitunguu cha pili.

Wifi akachungulia mlangoni, akakiona kile kitunguu.

"Wifi, unga mimi nitasaga kwingine," akasema. "Nina kisu nyumbani hakikati hata shauri."

"Panga foleni," mama akamjibu, na wifi akatoka mbio kwa miguu ile ile mibovu. Barazani kukawa na minong'ono, ndoo zikaachwa, kila mtu akakumbuka kisu chake.

Mama akamgeukia mumewe. "Ungenieleza mapema, baba watoto."

"Mapema ungesemaje?"

"Ningekataa."

"Haya sasa."

"Usinihayahaye. Umenidanganya, na leo tutalimaliza hili. Nakuuliza mbele ya..."

Mchukuzi wa duka akaingia, kamba begani, jasho linamtiririka. Akaamkia, akauliza mashine ya kurudisha iko wapi.

Mama akafungua kanga kiunoni, akaifunika mashine yote, akaegemeza kiwiko juu yake kama anayeegemea mto.