Unaingia au Unakaa?

Mimi ni mtu wa vilimani, na sisi watu wa vilimani tuna kiburi cha miguu mikavu. Kwetu Kisarawe maji yalikuwa kitu cha kuchota kisimani na kubeba kichwani, hayakuwa kitu cha kuishi nacho. Nilipoolewa, zamani hizo za Mwingereza, nikapelekwa upande wa Ruvu, chini ya Mlandizi, kwenye nchi ambayo mto ukishiba masika humwaga maji porini, na kiangazi ukipungua huyaacha hukohuko. Hayo yaliyoachwa ndiyo mabwawa. Niliyaona siku ya kwanza nikasema moyoni, ama kweli baba yangu ameniozesha kwa vyura.

Mume wangu alikuwa mtu wa genge la reli. Alikuwa mpole, mwenye mkono wazi, ila nyumbani hakuwepo. Alikuwa Soga, alikuwa Ngerengere, akinyanyua mataruma ya kulazia reli. Akija analala, akiamka anaondoka. Nilibaki na mama yake, na dada yake aliyeolewa nyumba ya jirani, ambaye watoto wake walishinda uani kwetu tangu alfajiri.

Wifi yangu huyo alikuwa na ulimi. Mawifi wote wanao, ndiyo haki yao, na mimi nami sikuwa bubu. Tulitupiana maneno tukacheka. Lakini siku moja nilimkaripia mwanawe aliyemwaga unga, mtoto akalia. Wifi akamnyanyua, akasema bila kunitazama, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Mimi mwana sikuwa naye bado. Nilichukua kisu na kamba, nikasema naenda kukata ukindu wa mikeka. Ndivyo nilivyoanza kutembea mabwawani.

La karibu lilikuwa bwawa la yungiyungi. Asubuhi maua yamefumbuka, jua likiwa kali yamefumba, na juu ya majani yake hutembea ndege mwenye vidole virefu, anakanyaga jani moja baada ya jingine wala hazami. Ningeweza kumtazama mpaka nisahau kisu nimekiweka wapi. Lililofuata lilikuwa la viboko. Hilo nililitazama kwa mbali, nimejibanza nyuma ya kichaka, nikisikia wanavyokoroma na kuona masikio tu. Walijazana kwenye kidimbwi kimoja, mgongo kwa mgongo, na maji mengine yote yapo wazi. Hata kiboko hapendi kukaa peke yake.

Kuelekea reli kulikuwa na handaki la wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mvua zililijaza, matete yakaota, nalo likawa bwawa kama mabwawa mengine. Vyura walilia mle walimolala askari. Mbele kidogo yalikuwapo makaburi ya zamani, yamesimikwa nguzo za mti zilizochongwa kichwa na kifua, hazina mikono, mchwa wamekwisha kuzila upande mmoja. Sikujua ni akina nani waliolala pale. Nilizisalimu, "Shikamooni," nikakaa chini nikachambua ukindu wangu. Kusema kweli nguzo zile nilizungumza nazo kuliko nilivyozungumza na watu.

Nchi haikosi maneno. Wakasema nina jini la majini. Wengine wakasema nina mwanamume kwenye matete. Mama mkwe aliniita. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi.

"Mkaza mwanangu, huko mabwawani unafuata nini?"

"Ukindu, mama."

Akautazama mzigo uliokuwa umeegemea ukuta, umefika darini. "Mkeka wako huo basi utafika mpaka Bagamoyo," akasema, akarudi jikoni. Hakuniuliza tena.

Sasa niseme habari ya bwawa kubwa, maana ndipo yaliponikuta. Bwawa hilo halikuvuliwa ovyo. Lilingojwa mpaka kiangazi kilipolikausha likabaki maji ya magotini, kisha likafunguliwa siku moja, na waliolivua walikuwa wanawake tu. Mfunguzi alikuwa mama mkwe wangu. Tulikuja kila mmoja na tenga lake lisilo na kitako. Unalikandamiza kwenye tope, unapenyeza mkono kwa juu, na kama kambale yumo atakwambia mwenyewe. Lakini kabla ya kuingia tulipanga mstari njiani, na mama mkwe akasimama mdomoni mwa njia. Kila mwanamke aliyeolewa alipofika mbele yake aliulizwa, "Unaingia au unakaa?"

Mwenye mimba haingii, hata ikiwa ya juzi. Walisema akikanyaga maji samaki wote huzama topeni wasionekane. Basi atajibu, "Nakaa," atabaki ukingoni kulea watoto wa wenzake na kutunga samaki kwa ukindu. Wasichana hawakuulizwa, na vikongwe hawakuulizwa. Hao walipita tu. Kwetu vilimani mimba hufichwa mpaka ijifichue yenyewe. Huku mwanamke aliitangaza kwa neno moja, mbele ya kijiji kizima.

Mwaka wa kwanza nilijibu "Naingia" kwa sauti, nimepandisha kanga, wakanicheka nilivyoogopa tope. Mwaka wa pili nilijibu kwa sauti ya kawaida. Baadaye neno hilo likawa zito, nalitoa nikitazama chini. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuwa hodari. Nilivua kuliko waliozaliwa pale, wakanisifu, "Huyu wa vilimani ana mkono!" Sifa hizo sikuzitaka. Nilitaka kukaa ukingoni na watoto wa watu wakinililia masikioni.

Katika kutembea kwangu nilikuwa nimelikuta bwawa dogo chini ya mkuyu, lenye maji meusi, na matawi ya mkuyu yamefungwa vitambaa vyeupe. Nilielewa bila kuambiwa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, alinifundisha kwamba haja huombwa kwa Mungu peke yake, kwa hiyo kila nilipopita pale niligeuza uso. Siku moja sikugeuza. Nilichana upindo wa kanga yangu, nikaufunga tawini. Nilimwomba Mungu, si mwingine, lakini kitambaa nilikifunga. Atanihukumu kwa hilo, nami nina tamaa kwamba atanielewa.

Kiangazi kilichofuata siku zangu zilipita. Sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa kazini, na mimba yenyewe ilikuwa changa mno, ningeweza kuwa nimekosea kuhesabu. Kisha bwawa likafunguliwa. Nilisimama kwenye mstari na tenga langu, nikijiambia kwamba nikisema "Naingia" nani atajua? Samaki wakikosekana watalaumu jua. Lakini neno lile jingine nilikuwa nimeliona midomoni mwa wenzangu muda mrefu, na nilikuwa na njaa nalo.

"Unaingia au unakaa?"

"Nakaa, mama."

Mama mkwe akaniangalia, akanyoosha mkono, akanipokea tenga. Wifi yangu ndiye aliyepiga kigelegele, na alikipiga kwa moyo wote, siwezi kumnyima haki yake. Nilikaa ukingoni siku nzima. Watoto walinipanda mgongoni, mmoja akanikojolea, nikatunga samaki mpaka vidole vikachubuka. Sijapata kuwa na furaha kama ile, nalisema bila haya.

Haikufika hata mvua za vuli. Iliondoka asubuhi moja nikiwa kinuni. Mama mkwe alifanya yote yanayofanywa na wanawake, akaenda nyuma ya nyumba na jembe, akarudi akanawa mikono. Mume wangu alikuja, akakaa nami kitandani amenishika mguu, akarudi kwenye reli yake. Watu walisema nilitangaza mapema, jicho limenipata. Huenda. Kilichonitisha ni wifi yangu. Aliacha kunitupia maneno. Nikimchokoza ananijibu kwa adabu, "Ndiyo wifi, umesema kweli," nami narudi chumbani nikilia kwa hasira.

Nikarudi kutembea. Mayungiyungi yalikuwa yamefumbuka kama kawaida yake, na viboko wamejazana palepale. Nilipita pale mkuyuni, nikaona upindo wa kanga yangu umepauka ukawa mweupe kama vitambaa vingine. Sikuufungua.

Bwawa likafunguliwa tena. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku nilikwisha kujiambia kwamba ni neno tu, nimelisema miaka mingi, halitaniua. Mbele yangu kwenye mstari alikuwa wifi.

"Unaingia au unakaa?"

"Nakaa," akasema polepole, akapita ukingoni ameinamisha uso, asinione.

Nikasogea. Mama mkwe alinitazama. Akaniweka kanga vizuri begani, maana ilikuwa imeteleza. Kisha akatazama nyuma yangu, akamwuliza aliyefuata, "Unaingia au unakaa?"

Nilidhani amesahau. Nikabaki nimesimama namngoja. Hakurudi kwangu, aliuliza mwingine, na mwingine, na wote wakawa wananipita kwa ubavu kama watu wanavyopita kisiki. Ndipo nikaelewa kwamba hakusahau. Alitaka kunisitiri nisilitoe neno lile tena mbele za watu. Ulikuwa wema, nilijua ni wema, na sijafanyiwa wema mwingine ulioniuma kama ule, kwa sababu anayehurumiwa asiulizwe ni yule ambaye jibu lake limekwisha kujulikana. Nilikuwa bado kijana. Nilitamani aniulize, aniulize kila mwaka mpaka tuzeeke wote.

"Naingia, mama," nikasema kwa nguvu.

"Najua, mkaza mwanangu," akasema.

Nikateremka majini pamoja na vikongwe.