Nyumba Isiyongoja Kuombwa

Mjini Irbid, kaskazini mwa Jordan, mwenyeji hukuwekea chakula mbele kabla hujakaa vizuri, na ukisema umeshiba, anakuongezea. Huko ndiko Nuhad alikochagua kazi ya kufundisha watoto kuomba. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hana mume, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa amepanda ngazi za mji mzima na begi lenye povu la sabuni la kupuliza, kadi za picha na biskuti. Kituo cha watoto kilichomwajiri kilikuwa kimempa cheo kirefu ambacho hata mkurugenzi alikisoma kwenye karatasi. Mama yake alikifupisha: "Huyu wangu analipwa kucheza."

Mwaka ule alipewa Rital, mtoto wa miaka mitatu na nusu mwenye usonji. Rital hakusema neno wala hakugeuka akiitwa, ila aliweza kuzungusha mfuniko wa sufuria sakafuni mpaka ukadhani una mota. Kanuni ya Nuhad ilikuwa nyepesi: kitu anachokipenda mtoto, kishike, ungoje. Akinyoosha mkono, akitoa sauti, akileta kadi, mpe hapo hapo. Akishaonja faida ya kuomba, ataomba tena.

Kanuni hiyo ilikuwa haijakutana na Umm Ghalib, yaani Mama Ghalib, bibi yake Rital mzaa baba. Wazazi wakishatoka kwenda kazini, nyumba ilikuwa mikononi mwake. Nuhad hushika biskuti, akangoja, akahesabu kimoyomoyo. Hajafika tatu, bibi huyo, kachomoka jikoni na vitumbua vya tende viwili, kimoja kinywani mwa mtoto, kingine mkononi mwa mwalimu.

"Bibi, nilikuwa namngoja aombe!"

"Aombe? Humu ndani? Kwani sisi tumekufa?"

"Hajui kuomba, bibi. Ndiyo maana nipo."

"Na mimi najua kutoa, ndiyo maana nipo. Kula, umekonda."

Nuhad hakuwa amekonda. Nyumba ile peke yake ilikuwa imemsogeza matundu mawili ya mkanda.

Alhamisi moja Ghalib, baba wa mtoto, alirudi mapema akamkuta mwalimu anafuta makombo kwenye kadi.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Miezi minne sasa, na kilichoongezeka hapa ni biskuti tu. Nakupa mpaka Sikukuu ya Kuchinja. Asipoomba hata maji, tuachane kwa wema. Mdogo wangu naye alianza kusema akiwa na miaka sita. Leo ni wakili, hatujapata wa kumnyamazisha."

Zilibaki wiki tatu. Nuhad hakucheka. Alijua kwamba kwa umri ule mwezi mmoja ni mwezi mmoja, haurudi, na alimpenda yule mtoto kuliko ilivyoruhusiwa kwenye fomu za kituo.

Jumapili iliyofuata Umm Ghalib alimmiminia kahawa yenye iliki. Nuhad alikipokea kikombe, akakiweka mezani, akakunja mikono.

Kule kwao kila mtu anajua maana yake. Mgeni akiweka kahawa chini bila kuionja, amekuja na haja, na mwenye nyumba hana raha mpaka aitimize. Wazee hufanya hivyo wakienda kuposa au kupatanisha koo zilizouana. Kwa sababu ya biskuti, hakuna aliyewahi.

Bibi alibadilika rangi. "Kunywa kahawa yako, binti."

"Sinywi."

"Umekuja kuposa? Ghalib ana mke!"

"Nina haja, bibi."

"Si useme! Inapoa, na moyo wangu unapoa nayo!"

"Nikiwa hapa, Rital asipewe kitu mpaka aombe. Na akiomba, chochote kile, apewe papo hapo, bila mjadala."

Bibi alitazama kikombe, akatazama mlango, kama anayetarajia aingie mwanamume aje kupunguza bei. "Afadhali ungeomba kiwanja," alisema. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya shela. "Umepata. Kunywa."

Aliitimiza ahadi kwa uchungu. Alikaa na sahani mapajani, uso kauelekeza ukutani, akiwalaani wasomi wote na waliowazaa. Mtoto alilia, bibi akalia, na Nuhad akaandika kwenye ripoti kwamba familia inashirikiana.

Mkesha wa Sikukuu ukafika, na Rital bado hajaomba hata tone. Ghalib alikuwa sofani, kafunga mikono kifuani. Nuhad alikuwa na hofu, na hofu ikamfanya mjinga. Akapuliza povu, akaimba, akaleta kadi, akaleta nyingine, akaisogeza mpaka karibu na pua ya mtoto.

Rital akausukuma mkono wake. Akasimama, akalikokota begi la mwalimu mpaka mlangoni, akaupiga mlango kwa kiganja, akamtazama Nuhad machoni.

"Nenda."

Ghalib aliruka kama kakalia sindano. "Astaghfirullah! Neno la kwanza, anafukuza mgeni!" Akawahi kulishika begi. "Mwalimu, samahani sana. Mtoto huyu! Hutoki hapa hujala!"

"Ameomba! Niache nitoke!"

"Aibu, mwalimu! Majirani watasema nini?"

"Nikikaa, atajua kusema hakufai kitu!" Nuhad alilivuta begi huku, Ghalib akalivuta kule. "Bibi! Uliniahidi!"

Umm Ghalib alikuwa na miaka sitini na minane na hakuwahi kumwacha mtu atoke kwake kabla ya kikombe cha tatu. Alimtazama mjukuu wake, ambaye bado kiganja chake kilikuwa mlangoni, anangoja.

"Ghalib, achia begi."

"Lakini mama, mgeni..."

"Achia! Mtoto ameomba!"

Akafungua mlango, akamsukuma mwalimu nje, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akaubamiza kwa nguvu hata jirani wa juu akachungulia.

Nuhad alikaa kwenye ngazi, analia na kucheka, ameshindwa kuvaa kiatu. Nyuma ya mlango ilisikika sauti ya bibi.

"Ametoka, mjukuu wangu. Umeona? Umesema, ametoka. Haya, sasa niombe na mimi."