Mtoto Asiyebebwa Mgongoni

Nina mdomo mkali, na wauguzi wa hospitali yetu hapa Rusizi wanalijua hilo. Siku ile nilikuwa napima watoto wenye kikohozi, mara nikasikia ugomvi koridoni. Nikatoka. Mwanamke mmoja kutoka Bweyeye, kule kando ya msitu, alikuwa amempakata mwanawe mchanga kifuani, na mama mkwe wake anamsema mbele za watu.

"Dokta, ona huyu! Hapendi mutoto wake. Milima yote ile anamushika mbele kama mukungu wa ndizi. Ni mama gani anakataa kubeba mutoto ku mugongo?"

Kwetu hilo si neno dogo. Mama asiyembeba mwanawe mgongoni huonekana ana kiburi, au moyo wake haupo kwa mtoto. Yule mama alijitetea kwa sauti ya chini: "Nikimufunga ku mugongo, anakosa pumzi." Nani amsikilize?

"Uongo mutupu! Leta nikuonyeshe."

Bibi akamnyakua mtoto, akainama, akamweka mgongoni, akakaza kitenge. Mtoto akakoroma, midomo ikageuka buluu. Mungu wangu! Nililirukia lile fundo nikalifungua mwenyewe. Tulipomrudisha wima kifuani kwa mama yake, rangi ikarejea.

Hapo nilijua. Mtoto aliletwa kwa nimonia, lakini nimonia haijali fundo la kitenge. Ndani ya kifua kile kulikuwa na kitu, na kilipobanwa kiliilalia njia ya hewa.

Mtoto alikuwa ameshatibiwa nimonia tena na tena, na mama alikuwa ametunza picha ya kifua ya zamani. Tukapiga nyingine. Daktari mwenzangu aliitazama akasema ni kifua kikuu, tumwanzishie dawa. Nilizibandika zote mbili dirishani, penye mwanga.

"Angalia kivuli hiki. Kiduara, kingo laini, kando ya koo la hewa. Nimonia ikipona inaondoka. Hiki kimekaa palepale kama mwenye nyumba!"

"Labda..."

"Labda ya nini? Ni kifuko cha maji, amezaliwa nacho. Ni nadra, lakini kipo."

Nilimweleza mama: mapafu yalipokuwa yanaumbika tumboni, kipande kidogo kilijitenga, kikawa kifuko, kikaanza kujaa. Dawa haikiondoi. Ni kisu tu, Kigali, na mapema, kabla hakijaziba kabisa.

Akaniuliza, "Dokta, nilikula nini mubaya nikiwa na mimba?"

"Hukula kitu, Maman. Wewe ndiye umemweka hai mpaka leo." Nilisema kwa nguvu, makusudi, ili bibi asikie. Bibi aliangalia sakafu.

Dereva wa ambulansi nilimwonya, na muuguzi nikamwonya zaidi: mtoto asilazwe chali, abaki wima kwa mama yake mpaka wamalize msitu wote wa Nyungwe. Wakanung'unika. Wanung'unike! Kigali skana ilionyesha kile kile nilichokisema, na daktari wa upasuaji akakitoa kifuko kizima. Nilipopigiwa simu nilicheka peke yangu ofisini mpaka machozi.

Walirudi kwangu kidonda kikiwa kimekauka. Nilimsikiliza mtoto pande zote mbili za kifua. Hewa ilikuwa inaingia vizuri. "Amepona," nikasema. Mama hakuondoka. Alisimama tu, kitenge mkononi, akiniangalia.

"Nijaribu?"

"Jaribu."

Aliinama. Lakini fundo likamshinda. Bibi akasogea bila kuambiwa, akamweka mjukuu vizuri, akamfunga yeye mwenyewe, polepole, huku akichungulia midomo yake.

"Mukecuru, kaza," nilimwambia yule bibi. "Usiogope."

Akakaza. Mtoto akageuza shavu, akalilaza mgongoni kwa mama yake, akasinzia. Mama akaanza kutembea koridoni, akienda na kurudi, akienda na kurudi, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.