Kuni za Mtufaha

Siku ya kwanza ajensi ya kutunza wazee iliponipeleka kwa yule mzee wa Queensbury, nilimkuta ameketi mbele ya jiko la kuni la chuma, lile lenye mlango wa kioo, blanketi magotini na kilemba cha buluu kimefungwa vizuri kichwani. Nilimsalimia kwa Kiingereza. Akavuta kitambulisho nilichokuwa nimevaa shingoni, akasoma jina langu taratibu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni mtu wa wapi? Kinangop?"

Nusura nilie. Nilikuwa na mwaka wa sita London, nikiamka alfajiri Tottenham kwenda kuosha na kulisha wazee wa watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisemesha kwa lugha yangu. Nikamwambia si Kinangop, ni Ol Kalou, lakini hakuwa mbali.

"Mimi Kalasinga wa Elburgon," akasema, jina tunalowaita Masingasinga kwetu, akajipiga kifua kwa mkono wenye bangili ya chuma. "Baba yangu alikuwa na kiwanda cha mbao. Mimi pia. Chai yako unaweka tangawizi?"

Ndivyo tulivyoanza. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Binti yake wa pekee alikaa upande wa pili wa mji, karibu na Croydon, akifanya kazi ofisini na kuja kila Jumamosi. Alizaliwa huku na Kiswahili hakukijua hata neno, kwa hiyo mimi na mzee tulikuwa na lugha ya wawili ndani ya nyumba ile. Mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na vumbi la mbao la miaka mingi. Alitembea hatua chache akapumzika, lakini kila siku ya baridi ilikuwa lazima nimwashie moto. Kuni alizotumia zilikuja kwenye magunia, zimekaushwa tayari, nami niliziweka kwenye kikapu kando ya jiko.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mtufaha uliopandwa na mke wake walipohamia pale. Mwaka wangu wa kwanza kwake mti ule ulishikwa na ugonjwa, ukaanza kuoza upande mmoja, na mwezi wa Januari fundi wa miti akaja kuukata. Binti alitaka vipande vichukuliwe na lori. Mzee akakataa katakata. Fundi akaupasua mti kuwa vipande vya kuni, akavirundika uani, akaenda zake. Mzee alisimama dirishani akiangalia lile rundo mpaka pumzi ikamwishia, nikamrudisha kitini.

"Hizo si za mwaka huu," akaniambia. "Wala mwaka ujao. Zinataka kukaa zikauke."

Nikasema, "Sawa mzee," kama mtu anavyosema sawa akiwa anafikiria mengine. Nilikulia kwenye jiko la mafiga. Nilibeba kuni mgongoni nikiwa na miaka saba. Kalasinga gani wa kunifundisha kuni?

Wiki kama tatu baadaye nilifika asubuhi nikakuta boila ya kupasha nyumba joto imekufa. Nyumba ilikuwa baridi kama ndani ya friji. Mzee alikuwa amelala kitini na koti lake, midomo imegeuka rangi. Nilimfunika kila nguo niliyoiona. Nikapiga simu, nikaambiwa fundi atafika mchana. Nikaenda kwenye kikapu, nikakuta vijiti viwili tu. Gunia lilikuwa limeisha siku iliyotangulia na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia binti aagize jingine. Nilikuwa nimesahau.

Nikatoka uani, nikachukua kuni za mtufaha.

Zilikuwa nzito kama mawe, na hilo peke yake lilitosha kuniambia kwamba bado ni mbichi. Nilizijaza ndani ya jiko nikawasha kwa magazeti. Moto ulishika karatasi ukafa. Kuni zikaanza kulia, fyuu, fyuu, maji yakichemka na kutoa povu kwenye ncha zake. Kioo kikawa cheusi. Nikafanya kile nilichofanya utotoni nyumbani wakati wa mvua: nikafungua mlango wa jiko, nikainama, nikapuliza. Nikafungua tena, nikapuliza tena. Jikoni kwetu moshi ulitokea kwenye paa la nyasi na sisi tukalia machozi tukacheka. Hapa ulijaa sebule iliyofungwa madirisha yote, na mbele yake alikuwepo mtu asiye na mapafu.

Niliposikia anakohoa nikageuka. Alikuwa ameamka, ananyoosha mkono kama mtu anayezama. Nilifungua madirisha, nikamburuta na kiti chake mpaka chumba cha kupikia, nikamshikilia kifuani kwangu mpaka kikohozi kikatulia. Alipopata sauti hakunikaripia. Alisema tu, "Umechoma ile ya mke wangu."

Fundi akatengeneza boila. Kesho yake homa ikapanda, wahudumu wa ambulensi wakaja, na jioni hiyo binti yake akatukuta hospitalini, mimi nimesimama kando ya kitanda na mfuko wa nguo zake. Daktari alikuwa amemwambia habari ya moshi.

"Nani aliwasha moto?" akauliza kwa Kiingereza.

Nilifungua mdomo. Mzee akaondoa ile barakoa ya hewa usoni, akasema, "Mimi. Nilisikia baridi, nikaenda uani mwenyewe."

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Nyamaza, mama. Watakufukuza kazi."

Nami nikanyamaza. Binti aliuliza, "Amesema nini?" Nikajibu kwamba anataka maji.

Alikaa hospitalini wiki tatu. Alirudi na mashine ya oksijeni iliyovuma pembeni ya kitanda mchana kutwa, na mipira miwili myembamba puani. Muuguzi aliyekuja kuifunga akatuambia, mimi na binti, kwamba, kwa sababu ya oksijeni, pasiwashwe moto wowote ndani ya nyumba ile tena. Binti akaahidi. Mzee alikuwa akiangalia jiko lake. Siku hiyo nilipanda treni kurudi Tottenham, nikapitishwa kituo changu nisijue.

Majira ya joto yalipokuja alinishangaza. Aliniambia nimtoe uani na kiti chake na mtungi mdogo wa oksijeni, halafu akaniamuru nilivunje lile rundo lote la kuni nilipange upya.

"Mzee, za nini tena?" nikamuuliza. "Hatuwashi."

"Kwani mimi nimesema tunawasha? Panga."

Nikapanga. Aliniagiza niweke kwanza zile fremu za mbao wanazobebea mizigo madukani, ili kuni zisiguse udongo. Gamba liangalie juu. Nafasi iachwe kati ya kuni na kuni, upepo upite. Nilipofunika rundo lote kwa turubai mpaka chini, akapandisha sauti mpaka akakohoa: "Unazivalisha koti? Zitaoza! Funika kichwa tu, mbavu wacha wazi." Kila mwezi nilizigeuza, na kila mara alitaka nimpelekee mbili. Alizigonga moja kwa nyingine karibu na sikio. Mwezi wa Juni zilitoa sauti butu, kama mtu anapiga unga. Mwezi wa Septemba sauti ilikuwa imeanza kupanda.

"Sikia," akasema. "Maji yanatoka. Lakini bado. Mwaka mwingine."

Katika siku hizo za uani alinisimulia kiwanda. Jinsi magogo ya mutarakwa, ule mwerezi wa milimani kwetu, yalivyonukia yakipita kwenye msumeno, jinsi baba yake alivyokataa kuuza mbao ambayo haijakaa, hata mnunuzi akisimama mlangoni na pesa mkononi. Alisema walipoondoka Kenya waliacha bandani mbao za miaka miwili, zimekauka, tayari kabisa. Hakujua nani alizichukua. Alisema hivyo bila uchungu, akikwaruza gamba la mtufaha kwa kucha.

Siku moja nilipiga moyo konde. Nilikuwa nimepiga magoti nikipanga, nikamwambia bila kuinua uso, "Mzee, mimi ndiye nilikuharibia. Ule moto."

"Mimi nilikula vumbi miaka arobaini," akasema. "Wewe ulinipa moshi asubuhi moja. Nani aliniharibia?"

"Lakini binti yako…"

"Huyo wacha. Yeye akijua atapata mtu wa kukasirikia. Wewe utaenda, na mimi nitaongea Kiswahili na nani?"

Nilicheka, nikalia, nikaendelea kupanga.

Alifariki mwezi wa Novemba, mchana, binti yake akiwa ameshika mkono mmoja na mimi mwingine. Nilikwenda kumuaga hekaluni kwao, nikakaa chini na wanawake, nikala chakula chao. Binti alinikumbatia mbele ya watu akasema, "Ulikuwa dada yangu katika nyumba ile." Sikujua niweke wapi macho.

Tuliendelea kuwasiliana. Alinitumia picha za baba yake akiwa kijana, nikamtumia salamu za sikukuu. Baada ya mwaka mmoja hivi akanipigia simu. Alikuwa anauza nyumba. Kabla hajakabidhi funguo alitaka tukutane pale, tuwashe kuni za mti wa mama yake. Mashine ilikuwa imeondoka zamani, na fundi alikuwa amekuja kusafisha bomba la moshi. "Wewe ndiye unayezijua," akasema.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Nyumba ilikuwa tupu, ina mwangwi. Nilikwenda uani nikafunua turubai. Kuni zilikuwa zimepasuka ncha zake kwa nyufa kama miale ya jua, gamba likibanduka lenyewe. Niliinua moja, ikawa nyepesi hata nikashtuka. Niligonga mbili. Zililia ko!, sauti kavu, safi. Sikuwa na mtu wa kumpelekea asikie.

Nilizipanga ndani ya jiko, nikawasha kwa kipande kimoja cha karatasi. Zilishika mara moja. Hakuna moshi, hakuna kulia, kioo kikabaki cheupe, na harufu kidogo, tamu, ya matunda. Tuliketi sakafuni maana viti vilikuwa vimekwenda. Binti akamwaga chai kutoka kwenye chupa.

"Baba alikuwa mtu wa ajabu," akasema, akiangalia moto. "Fundi mzima wa mbao, halafu anawasha kuni mbichi. Sikuwahi kuelewa."

Sikuwa nimepanga kumwambia. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Si yeye. Ni mimi."

Nikamweleza yote: boila, kikapu, gunia nililosahau, hospitali, na lile neno la Kiswahili ambalo sikulitafsiri. Nilipomaliza aliweka kikombe chini.

"Nilimgombeza," akasema. "Unakumbuka? Wiki zote tatu. Nilimwita mkaidi. Nilimwambia anataka kunifanya yatima makusudi. Alikuwa hawezi kupumua na mimi namgombeza, na wewe ulikuwa umesimama pale pale."

"Nilikuwepo," nikasema.

"Karibu mwaka mzima akiwa hai, halafu mwaka mwingine. Kwa nini leo?"

Nilisema samahani. Nilisema baba yake ndiye aliyenizuia, nikajichukia nilipokuwa nikilisema neno hilo, kwa sababu lilikuwa kweli na bado lilikuwa kumsukumia maiti mzigo wangu.

Akaenda kusimama dirishani. Alikaa huko muda mrefu, mabega yakitikisika. Niliinuka nimfuate, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kunizuia. Moto ulikuwa umekolea, sebule imepata joto la kutosha mtu kuvua koti. Nilivaa langu.

"Nenda tu," akasema. "Tafadhali. Nataka kukaa na moto wake."

Nilitembea mpaka kituoni. Nilimwandikia ujumbe wiki hiyo, nikaona ameusoma. Nilimwandikia mwingine kwenye sikukuu yao ya taa, haukujibiwa. Dada yangu aliyeko Nakuru, nilipomsimulia kwa simu, alisema nilikosea: mzee alishaniambia ninyamaze, ningenyamaza. Huenda. Yeye hakukaa sakafuni pale akisikia mtu anamshangaa marehemu kwa kosa lisilo lake.

Sasa namtunza bibi mmoja wa Wood Green, anapashwa joto na redieta na haniulizi nimetoka wapi. Nyumba ya Queensbury iliuzwa. Sijui kama rundo lililobaki la kuni lilikwenda na nyumba, au binti alikaa siku ile mpaka akalimaliza.