Siku Nilipoifukuza Mitungi ya Susu

"Kama plastiki inaua, mbona sisi tuko hapa?"

Susu, nyanya yangu, aliniuliza hivyo akitikisa mtungi wa njano wenye kokoto na maji kidogo, maana huko kwetu Yatta ndivyo mitungi inavyooshwa. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo kikuu, na nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba plastiki ikipigwa jua sana huachia vitu ndani ya maji. Vitu gani? Kiasi gani? Sikujua, na kukosa neno si kawaida yangu. Mimi ndiye niliyemuuliza mchungaji wetu ni wapi Nuhu alikuwa akitupa kinyesi cha ndovu safinani.

Mitungi ya Susu ilianza maisha ikiwa ya mafuta ya kupikia. Ilishinda uani juani, mmoja umezibwa ufa kwa plastiki iliyoyeyushwa, mingine vifuniko vyake ni magunzi. Na kila kiangazi tumbo lilimsumbua. Nilimwambia asinywe tena maji yale. Akaitazama chupa yangu ya plastiki, niliyokuwa nikiijaza tena na tena tangu muhula uanze, akauliza kwa upole, "Na hiyo yako, mwiitu, binti yangu, ilifinyangwa na nani?"

Sikukata tamaa. Kesho yake ilikuwa zamu ya Susu ya mwethya, ambapo akina mama wa kikundi huja na majembe kumfanyia mwenzao kazi, naye huwapa maji na chakula. Mvua ilikuwa karibu na matuta ya Susu yalikuwa yamebomoka. Yasipochimbwa siku hiyo, udongo wake wote ungehamia kwa jirani. Asubuhi, alipokwenda kuazima sufuria, nilitoa chungu kikubwa stoo, nikakisugua, nikamimina humo maji yote ya kunywa. Mitungi nikaificha nyuma ya zizi la mbuzi.

Maji yalipoa vizuri. Nilijisifu kimoyomoyo hadi mwenyekiti wa kikundi, mama aliyeokoka kabla ya wenzake wote, alipopiga funda la kwanza. Akanusa kikombe. Wengine nao wakanusa. Nikaonja. Chini ya ladha ya udongo kulikuwa na ladha ya kaluvu, pombe ya asali, iliyolala ndani ya chungu tangu kabla sijazaliwa.

Majembe yakawekwa chini. Kikundi hicho kilikuwa kimeshamfukuza mama mmoja kwa sababu ya bia moja kwenye harusi ya mwanawe.

"Dada," mwenyekiti akamwambia Susu, "hii maji iko na nini?"

Susu hakuhitaji kuonja. Aliniangalia mara moja tu. "Ni dawa ya maji," akasema. "Huyu wa yunivasiti ameweka. Anasema mitungi yetu iko na sumu."

Wote wakanigeukia. Nikaeleza plastiki, nikaeleza jua, nikasema dawa yenyewe ni ya kienyeji na imetokana na nyuki, jambo ambalo halikuwa uongo. Mmoja akauliza kama inafaa kwa mwenye presha. Nikamshauri asizidishe.

Mwenyekiti alifikiri, kisha akanyoosha kikombe. "Ongeza," akasema. "Mimi nimekunywa sumu miaka mingi."

Pombe yenyewe haikuwamo, ni harufu tu, kwa hiyo mpaka leo siwezi kueleza kwa nini waliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ile. Matuta yaliisha kabla ya chakula, na wawili walitaka kuendelea hadi shamba la jirani. Mvua ilipokuja, udongo wa Susu haukwenda popote. Yeye aliirudisha mitungi yake jioni hiyo hiyo, ila aliiweka kivulini.

Miaka kadhaa baadaye, tukichambua ndengu, aliniambia bila kuinua macho kwamba chungu kile alikinunua kwa mamake mwenyekiti, aliyekuwa mpika kaluvu, na kwamba aliyekuwa akiikoroga kila asubuhi kabla ya kwenda shule ni mwenyekiti mwenyewe.