Vitambaa vya Mkwe

Mama Fagio alistaafu kufagia wodi za hospitali, lakini hadi leo uchafu haumpiti. Mume wa bintiye alipompeleka kupunga upepo kwenye hifadhi kubwa ya msitu nje ya jiji, mkwe alitangulia, akifunga vipande vya kitambaa chekundu vichakani wasije wakapotea. Mama alifuata nyuma huku akisonya.

Wakati wa kurudi walifika njia panda. Mkwe akaangaza macho weee, hakuona hata kipande kimoja.

“Mama, vile vitambaa vyangu umeviona?”

Mama akafungua mkoba. Vyote vilikuwemo, vimekunjwa vizuri.

“Kumbe ni wewe unayechafua msitu wa watu,” akasema, akaketi juu ya jiwe. “Mimi nimeshasafisha. Njia tafuta mwenyewe, baba.”